Masomo ya uzamili na uzamifu katika jiosayansi: Kuichunguza ardhi kabla ya kuitolea kauli

MNAMO Machi 2018, baada ya mvua kubwa kunyesha, ardhi ilipasuka katika eneo la Mai Mahiu na Suswa. Barabara ya kuelekea Narok ilikatika, na baadhi ya familia zikalazimika kuyahama makazi yao. Haukupita muda mrefu kabla ya habari kuenea ulimwenguni kwamba bara la Afrika lilikuwa likigawanyika vipande viwili mbele ya macho ya watu.

Wataalamu wenyewe walitofautiana. Wapo waliouhusisha ufa huo na mienendo ya chini kwa chini katika Bonde la Ufa. Wengine walishikilia kuwa nyufa za kale zilikuwa zimejazwa majivu laini ya volkeno, na kwamba maji ya mvua yalikuwa yameyazoa majivu hayo na kuziacha nyufa wazi. Ni kweli kwamba sehemu ya mashariki ya bara inajitenga na sehemu nyingine, lakini mwendo wake ni wa milimita chache tu kwa mwaka.

Kwa mkulima aliyepoteza shamba, tofauti baina ya maelezo hayo mawili ilikuwa nzito. Ikiwa chanzo ni maji, kuyaelekeza kwingine huenda kukaliokoa shamba. Ikiwa chanzo ni mwendo wa ardhi yenyewe, hapana budi kuhama. Swali la aina hiyo halijibiwi kwa kutazama tu. Linahitaji mtu aliyefunzwa kukusanya ushahidi, kuupima na kuutilia shaka kabla ya kutoa kauli. Mafunzo hayo ndiyo kiini cha masomo ya uzamili na uzamifu katika jiosayansi.

Maana na matawi yake

Jiosayansi ni jina la jumla la taaluma zinazoichunguza dunia kwa misingi ya sayansi. Jiolojia huchunguza miamba, madini na historia ya matabaka ya ardhi. Jiofizikia hutumia vipimo vya mitetemo, mvutano, sumaku na umeme kubaini yaliyofichika chini bila kuchimba. Jiokemia huchunguza kemikali zilizomo katika miamba, maji na gesi. Hidrojiolojia hushughulikia maji yaliyo chini ya ardhi, nayo jiolojia ya uhandisi huangalia iwapo ardhi inaweza kubeba bwawa, daraja au jengo la ghorofa.

Matawi hayo hutegemeana. Anayetafuta maji katika kaunti kame humhitaji mwanajiofizikia wa kumwonyesha pa kuchimba, mwanajiolojia wa kumweleza aina ya miamba, na mwanajiokemia wa kumthibitishia kuwa maji yatakayopatikana yanafaa kunywewa. Katika maeneo mengi ya Bonde la Ufa, maji ya visima huwa na madini ya floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ndiyo sababu wenyeji wengi wa sehemu hizo wana meno yenye rangi ya kahawia, na wanaoyanywa maji yenye floridi nyingi mno kwa miaka mingi wamo katika hatari ya kuharibikiwa na mifupa.

Tofauti ya uzamili na uzamifu

Anayehitimu shahada ya kwanza ya jiolojia, ambayo nchini Kenya huchukua miaka minne, huwa amejifunza kutambua madini, kuchora ramani ya kijiolojia na kueleza mpangilio wa matabaka. Hata hivyo, mengi ya maswali aliyoyajibu darasani ni yale ambayo mhadhiri wake alikuwa na majibu yake tayari. Katika uzamili hali hubadilika. Mwanafunzi hukabiliana na swali ambalo hata msimamizi wake hana jibu lake.

Kozi ya uzamili kwa kawaida huchukua miaka miwili. Sehemu ya kwanza huwa ya masomo ya darasani na mitihani. Ya pili huwa ya utafiti na uandishi wa tasnifu. Vyuo vingi humtaka mwombaji awe na shahada ya kwanza ya daraja la pili kitengo cha juu. Aliyepata kitengo cha chini aghalabu huombwa kuonyesha tajriba ya kazi au masomo ya ziada.

Uzamifu huchukua muda usiopungua miaka mitatu, na wengi hukaa zaidi. Hapa mtahiniwa hatakiwi tu kuonyesha kwamba anaweza kufanya utafiti. Sharti aongeze jambo jipya katika maarifa ya binadamu, aliandike, kisha alitetee mbele ya jopo la watahini, akiwemo mtaalamu kutoka nje ya chuo chake. Aidha, hutarajiwa kuchapisha sehemu ya matokeo yake katika majarida ya kitaalamu, ambako wenzake walio mbali naye huyachambua bila kumwonea haya.

Mahali pa kusomea

Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi ndicho chenye historia ndefu zaidi ya kufundisha jiolojia, na masomo hayo hutolewa katika bewa la Chiromo. Katika mageuzi ya mwaka 2021, jiolojia na taaluma ya hali ya hewa ziliwekwa pamoja katika idara moja ya sayansi za dunia na tabianchi. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichoko Nyeri, kina taasisi inayoshughulikia mafunzo na utafiti wa nishati ya mvuke wa ardhini. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kimejihusisha zaidi na uchimbaji madini, jambo linalolingana na mazingira ya kaunti yenyewe yenye vito vya thamani.

Katika kanda hii, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Makerere pia hufundisha jiolojia hadi viwango vya juu. Jijini Nairobi kuna vilevile Kituo cha Kanda cha Kuchora Ramani za Rasilimali kwa Maendeleo, kilichoanzishwa mwaka 1975, ambacho hutoa mafunzo ya kutumia picha za setilaiti. Kaskazini mwa nchi, Taasisi ya Bonde la Turkana, iliyoanzishwa na Richard Leakey kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Stony Brook cha Marekani, huwapokea watafiti wa miamba na visukuku.

Kazi ya nyanjani

Kabla ya kuokota jiwe la kwanza, mwanafunzi hana budi kupata leseni ya utafiti kutoka kwa Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI). Iwapo eneo lake limo ndani ya mbuga au msitu wa serikali, huhitaji idhini ya wanaousimamia. Iwapo anakusudia kupeleka sampuli katika maabara za ng'ambo, hutafuta pia kibali cha kuzisafirisha.

Idhini ya karatasi haitoshi. Wenyeji wakimwona mgeni akizungukazunguka na nyundo na mfuko wa mawe, wengi hudhani ametumwa kutafuta dhahabu au kuipima ardhi yao ili inyakuliwe. Hofu hiyo ina misingi yake, kwani jamii nyingi zimeshuhudia utajiri ukitolewa kwao bila wao kufaidika. Mtafiti mwenye busara huanza kwa chifu na wazee, akaeleza anachotafuta na jinsi matokeo yatakavyowarudia. Mara nyingi wazee hao ndio wanaojua chemchemi iliyobadilika joto, kilima kilichomeguka miaka mingi iliyopita na kisima ambacho maji yake yaligeuka ladha.

Kila sampuli hupewa nambari, na mahali ilipotolewa huandikwa kwa vipimo kamili pamoja na tabaka lililokuwa juu yake na chini yake. Uzembe wa siku moja nyanjani unaweza kuiharibu kazi ya mwaka mzima, maana jiwe lisilojulikana lilikotoka haliwezi kutoa ushahidi wowote.

Funzo la majivu ya Koobi Fora

Kutoka nyanjani, sampuli hupelekwa maabara. Hapo jiwe hukatwa na kusagwa hadi libaki utando wenye unene wa milimita 0.03, kiasi cha kupenyeza mwanga, kisha hutazamwa kwa hadubini. Umri wa miamba ya volkeno hupimwa kwa kulinganisha kiasi cha potasiamu na gesi ya argoni, kwa sababu aina mojawapo ya potasiamu hugeuka polepole kuwa argoni kwa kasi inayojulikana.

Mbinu hiyo ina mitego yake, na Kenya iliwahi kuwa uwanja wa mojawapo ya mabishano makubwa ya kisayansi kuihusu. Mnamo 1969, Kay Behrensmeyer, aliyekuwa akisomea uzamifu katika Chuo Kikuu cha Harvard, aligundua zana za mawe katika tabaka la majivu ya volkeno huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Tabaka hilo likaja kuitwa KBS, kwa herufi za jina lake na neno la mahali. Vipimo vya mwanzo vilivyofanywa Uingereza vilionyesha kuwa majivu hayo yalikuwa na umri wa takriban miaka milioni 2.6.

Mwaka 1972, Bernard Ngeneo, mmoja wa watafutaji wa visukuku katika kikosi cha Richard Leakey, alipata vipande vya fuvu lililopewa nambari 1470 chini ya tabaka hilo. Ikiwa majivu yalikuwa ya miaka milioni 2.6, basi fuvu lilikuwa la kale zaidi ya hapo, na historia ya binadamu ingelazimika kuandikwa upya. Lakini visukuku vya nguruwe wa kale vilivyopatikana katika matabaka yale yale vilifanana na vile vya bonde la Omo nchini Ethiopia ambavyo vilijulikana kuwa vya umri mdogo zaidi.

Ubishi uliendelea kwa takriban muongo mzima. Hatimaye vipimo vilivyofanywa upya katika maabara mbalimbali, pamoja na ulinganishaji wa kemikali za majivu ya Koobi Fora na yale ya Omo, vilithibitisha kuwa umri wa tabaka hilo ni takriban miaka milioni 1.9. Sampuli za awali zilikuwa zimechanganyika na chembechembe za miamba ya kale zaidi.

Kisa hiki kina mafunzo mawili kwa mwanafunzi wa jiosayansi. Kwanza, mashine ya gharama kubwa inaweza kutoa nambari safi iliyo na kosa ndani yake. Pili, kosa hilo lilifichuka kwa sababu kulikuwa na ushahidi wa aina nyingine, yaani mifupa ya nguruwe, uliokataa kuafikiana na nambari. Ndiyo maana msimamizi mzuri humwuliza mwanafunzi ni kwa njia ipi nyingine anaweza kulithibitisha jambo lilo hilo.

Mvuke wa Olkaria

Faida ya elimu hii inaonekana bayana Olkaria, karibu na Naivasha. Visima vya kwanza vya kutafuta mvuke vilichimbwa huko mwaka 1956, lakini havikutoa mvuke wa kutosha. Utafiti ulirejelewa katika miaka ya 1970 kwa usaidizi wa Umoja wa Mataifa, na mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kuzalisha umeme mwaka 1981. Leo uwezo wa mitambo ya mvuke nchini umepita megawati 900, na zaidi ya asilimia 40 ya umeme unaozalishwa Kenya hutokana na nishati hiyo.

Kisima kimoja cha mvuke kinaweza kufika kina cha kilomita tatu, na gharama yake huwa mamilioni ya dola. Kuchimba kwa kubahatisha ni kuzika fedha za umma. Kwa hivyo, wanajiofizikia hupima kwanza jinsi ardhi inavyopitisha umeme, kwa kuwa tabaka la udongo wa mfinyanzi linalofunika hifadhi ya maji moto hupitisha umeme kwa urahisi. Wanajiokemia hupima kiasi cha silika katika maji ya chemchemi ili kukadiria joto lililoko chini. Uchimbaji ukianza, wanajiolojia huchunguza vipande vya miamba vinavyopanda juu. Wakiona madini ya kijani yaitwayo epidoti, hujua kuwa tabaka hilo limewahi kufikia joto la nyuzi 240 hivi au zaidi.

Ujuzi huo haukupatikana kwa siku moja. Tangu mwaka 1979, nchi ya Iceland imekuwa ikiwapokea wataalamu kutoka mataifa yanayostawi kwa mafunzo ya miezi sita kuhusu nishati ya mvuke. Mpango huo ulianza chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, na tangu 2020 unaendeshwa chini ya kituo kiitwacho GRÓ, kinachoshirikiana na UNESCO. Kuanzia mwaka 2000, baadhi ya waliohitimu mafunzo hayo wamekuwa wakifadhiliwa kuendelea na uzamili katika Chuo Kikuu cha Iceland, na baadaye uzamifu. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizonufaika zaidi. Wengi waliorejea waliajiriwa au kupandishwa vyeo katika kampuni za KenGen na GDC, na tangu mwaka 2005 kozi fupi zimekuwa zikifanyika nchini ambapo Wakenya huwafunza wataalamu kutoka nchi nyingine za Afrika.

Maji ya Lotikipi

Palipokosekana subira, matokeo yamekuwa ya kuvunja moyo. Mnamo Septemba 2013, ilitangazwa kuwa hifadhi kubwa ya maji imegunduliwa chini ya bonde la Lotikipi katika Kaunti ya Turkana. Makadirio yaliyotolewa yalikuwa mita bilioni 200 za ujazo, na yalitegemea kwa kiasi kikubwa picha za setilaiti na vipimo vingine, pamoja na uchimbaji wa majaribio. Wananchi waliozoea kutembea mwendo mrefu kutafuta maji walijawa na matumaini, na wapo waliosema kwamba tatizo la maji nchini lilikuwa limepata ufumbuzi.

Visima vilivyochimbwa baadaye vilionyesha kuwa maji hayo yana chumvi nyingi kupita kiasi kinachofaa kunywewa bila kusafishwa kwa gharama kubwa. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Teknolojia ya setilaiti haikuwa na kosa kwa kuonyesha dalili za maji. Kosa lilikuwa kuyatangaza makadirio kama kwamba yalikuwa maji yaliyokwisha kupimwa na kuonjwa. Hidrojiolojia ya kiwango cha uzamili humfunza mwanafunzi kutenganisha mambo matatu: kuwepo kwa maji, ubora wake, na kasi ya kujaa tena yanapotolewa.

Gharama, ufadhili na msimamizi

Vikwazo vya masomo haya havifichiki. Kando na karo, mwanafunzi hugharamika kwa usafiri, malazi ya nyanjani, wasaidizi na ada za maabara. Baadhi ya vipimo, hasa vya umri wa miamba, bado hufanyiwa katika nchi za nje. Wapo wanafunzi wengi wanaokamilisha masomo ya darasani kisha hukwama kwenye tasnifu kwa kukosa fedha au kwa sababu ya kazi za kujikimu.

Ufadhili hupatikana kupitia Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, kampuni za nishati na madini, pamoja na mashirika ya nje kama vile DAAD la Ujerumani na mpango wa Jumuiya ya Madola unaofadhiliwa na Uingereza. Anayetuma maombi akiwa na swali mahususi la utafiti huwa na nafasi nzuri zaidi kuliko anayesema tu kwamba anapenda jiolojia.

Fauka ya hayo, ukosefu wa fedha si lazima uzime utafiti. Tangu mwaka 2008, picha za setilaiti za Landsat, zinazorudi nyuma hadi miaka ya 1970, zinapatikana bila malipo. Kwa kutumia kompyuta ya kawaida, mwanafunzi anaweza kufuatilia jinsi maziwa ya Baringo, Bogoria na Nakuru yalivyopanuka kuanzia mwaka 2010 na kuzamisha nyumba, shule na barabara, kisha akalinganisha upanuzi huo na kumbukumbu za mvua.

Uteuzi wa msimamizi ni muhimu sawa na uteuzi wa swali. Kabla ya kujiandikisha, mwombaji afaa kuwauliza wanafunzi waliotangulia: Je, msimamizi husoma rasimu na kuzirudisha kwa wakati? Huenda nyanjani pamoja na wanafunzi wake? Wangapi kati yao wamehitimu? Majibu ya maswali hayo hufaa kuliko sifa za chuo zilizochapishwa katika vijitabu.

Baada ya kuhitimu

Wahitimu huajiriwa katika idara za serikali, kampuni za mvuke, uchimbaji madini na visima, mashirika ya mazingira, kampuni za ujenzi na vyuo vikuu. Nchini Kenya, taaluma hii husimamiwa na sheria ya usajili wa wanajiolojia, na anayetaka kutia sahihi ripoti kama mtaalamu hutakiwa kusajiliwa na bodi husika.

Hata hivyo, haja ya wataalamu haipimwi kwa nafasi za kazi pekee. Mnamo Novemba 2019, maporomoko ya ardhi katika Kaunti ya Pokot Magharibi yaliangamiza makumi ya watu usiku wakiwa wamelala. Mteremko unaoporomoka aghalabu huwa umetoa ishara kabla: nyufa juu ya kilima, miti iliyoinama, chemchemi zinazozuka mahali papya. Ramani inayoonyesha miteremko ya hatari, ikichorwa na mtu aliyeichunguza udongo wake na miamba yake kwa miaka miwili, inaweza kumwambia chifu ni nyumba zipi zihamishwe kabla ya mvua kuanza. Ramani kama hiyo ni tasnifu kamili ya uzamili, na vilima vinavyoihitaji nchini ni vingi kuliko wanafunzi waliopo wa kuichora.